Samaki Wako Akiumwa, Anza na Maji

Samaki hana sauti ya kulalamika, na tena ameumbwa kuficha udhaifu wake. Huko mtoni na ziwani anayeyumba ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ndivyo inavyokuwa kwenye tangi la sebuleni: siku unayomkuta gapi wako amelala chini akihema, ugonjwa umeshakaa naye kwa siku kadhaa.

Hata hivyo, magonjwa yanayowasumbua samaki wadogo wa maji baridi, yaani wasio wa baharini, si mengi. Ukiyajua kumi hivi, umejua karibu yote utakayokutana nayo, na mengi yana tiba. Kinachomaliza samaki wengi ni pupa. Mtu anaona samaki kachoka, anakimbilia dukani, anarudi na chupa ya dawa ya bluu na kuimimina. Kesho yake tangi zima limekufa, na hakuna ajuaye kama kilichoua ni ugonjwa, dawa au maji yenyewe.

Kwa hiyo shika kanuni mbili, na kila kitakachofuata kimejengwa juu yake. Usitafute ugonjwa kabla hujapima maji. Na usitie dawa kabla hujajua unatibu nini.

Mtazame akiwa mzima

Huwezi kumtambua mgonjwa kama hujui alivyo akiwa mzima. Wakati mzuri wa kumkagua ni ule wa kumlisha. Samaki mzima huja kwenye chakula mbio, mapezi yametandazwa, macho maangavu, na vifuniko vya matamvua vinafunguka na kujifunga kwa mwendo mmoja usio na haraka. Wahesabu kila unapowalisha. Asiyeonekana ndiye wa kumtafuta nyuma ya mawe.

Dalili za kukushtua ni hizi:

- Mapezi yamebanwa mwilini wakati wenzake wameyatandaza.
- Anajikuna kwenye mawe, changarawe au bomba la filta.
- Anahema haraka, au amekaa juu ya maji akivuta hewa.
- Amejitenga pembeni na hataki chakula.
- Rangi imepauka, au imekuwa nyeusi kuliko kawaida.
- Kinyesi ni cheupe, chembamba na kirefu.

Ukiona mojawapo, jiulize kwanza: wameugua wote kwa pamoja au mmoja mmoja? Samaki wote wakianza kuhema juu ya maji ndani ya saa chache, tatizo karibu kila mara ni maji: sumu, ukosefu wa hewa, au klorini. Ugonjwa wa kuambukiza huanza kwa mmoja au wawili, kisha husambaa kwa siku kadhaa. Jibu la swali hilo peke yake litakuepusha na dawa nyingi zisizohitajika.

Maji kwanza

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Kwenye filta iliyokomaa, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kali. Nitrati ni sumu hafifu inayoondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya. Ndiyo maana samaki walionunuliwa pamoja na tangi siku moja hufa katika mwezi wa kwanza, na mwenyewe hudhani aliuziwa wagonjwa.

Nunua vipimo vya maji vya matone au vya karatasi. Amonia iwe 0, nitriti iwe 0, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Pima na pH, kwa sababu ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Maji yenye pH 7 kwenye nyuzi 25 hubeba chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu. pH ikifika 9, sehemu hiyo hupita theluthi moja. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili hukaribia pH 9, hana nafasi ya kuzembea. Kiasi kidogo cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekivumilia kitawaua hao.

Amonia ikionekana, badilisha theluthi moja ya maji mara moja, rudia kesho yake, na usiwalishe kwa siku mbili. Nitriti ikionekana, fanya vivyo hivyo na uongeze chumvi gramu 1 kwa lita. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, mpaka matamvua yanageuka rangi ya kahawia. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huiziba njia hiyo ya kuingilia. Kama huna kipimo chochote na samaki wanahema, badilisha maji hata hivyo. Maji safi ya joto lilelile, yasiyo na klorini, ni nadra kumdhuru mgonjwa.

Maji ya bomba mijini hutiwa klorini ili tusipate kipindupindu. Klorini hiyohiyo huunguza matamvua na kuua bakteria wa filta. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au yapulizie kwa pampu ya hewa, itatoka. Kama unakoishi wanatumia kloramini, kama ilivyo katika miji mingi ya Marekani, kusubiri hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Maji ya kisima nayo yapulizie kwanza, kwani mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo.

Joto ni sehemu ya maji pia. Kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, wakati samaki mwenye joto anahitaji zaidi. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, tangi lisilo na pampu ya hewa huanza kukosa pumzi usiku. Nairobi mwezi Julai shida ni kinyume chake: maji yasiyo na hita huweza kushuka chini ya nyuzi 20, kinga ya samaki wa nchi za joto hudhoofika, na madoa meupe huingia.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa filta hukosa oksijeni na kuanza kufa. Toa sponji, iweke ndani ya tangi, kisha chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Na siku ya kusafisha, suuza sponji kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba.

Tangi la wagonjwa na hesabu ya chumvi

Usitibu ndani ya tangi kubwa kama si lazima. Ndoo ya plastiki ya lita 20 ambayo haijawahi kutiwa sabuni, sponji ya filta, pampu ya hewa, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia na kifuniko vinatosha. Usiweke changarawe, ili uchafu uonekane na utoke kirahisi. Magonjwa kama madoa meupe, ambayo mbegu zake zimeshatapakaa, ndiyo pekee yanayolazimisha kutibu tangi zima. Kabla ya kutia dawa popote, ondoa mkaa kwenye filta. Mkaa hunyonya dawa, basi utaurudisha tiba ikiisha.

Dawa ya kwanza ya kuwa nayo ni chumvi ya kawaida, na chumvi ya mawe inafaa sana. Lakini chumvi ni dawa, na dawa ina kipimo. Tuseme tangi lako lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Zidisha upate 54,000. Gawa kwa 1,000 upate lita 54. Toa changarawe, mawe na nafasi iliyo wazi juu, zibaki lita 45 hivi. Kwa kipimo cha gramu 2 kwa lita utahitaji gramu 90. Pima kwa mizani ya jikoni. Kama huna, kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hadi 6 za chumvi laini, yaani vijiko 16 hivi.

Iyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya tangi. Igawe mafungu matatu, utie moja kila baada ya saa 8, ukimimina taratibu mbali na mimea. Kumbuka kwamba chumvi haivukizwi wala hailiwi na bakteria. Hukaa palepale mpaka uitoe kwa kubadilisha maji. Ukitoa lita 10, rudisha chumvi ya lita 10 tu, yaani gramu 20. Wengi husahau hili, wakaongeza kipimo kizima kila wiki mpaka samaki wakazidiwa.

Gapi, moli, samaki wa dhahabu na samaki wa maziwa yetu makuu huivumilia vizuri. Tetra, kambare wadogo wa mapambo na mimea mingi huvumilia kidogo. Kwao anza na gramu 1 kwa lita na uwatazame.

Madoa meupe

Huu ndio ugonjwa utakaokutana nao mapema kuliko yote. Punje nyeupe za ukubwa wa chembe ya chumvi huonekana kwenye mapezi, kisha mwilini, na samaki hujikuna. Kisababishi ni kimelea chenye seli moja, *Ichthyophthirius multifiliis*, na tiba yake yote inategemea kuyajua maisha yake.

Ile punje unayoiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, kinakula. Hapo hakuna dawa ya majini itakayokifikia. Kikishiba kinadondoka chini, kinajifunika kwa ganda, na ndani ya ganda kinajigawa kuwa mamia ya watoto, wakati mwingine hadi elfu moja. Watoto hao hutoka na kuogelea wakitafuta samaki, na wasipompata kwa siku mbili hivi hufa. Ni katika safari hiyo tu ndipo dawa huwaua. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima huisha chini ya wiki moja. Kwenye maji ya baridi huchukua wiki kadhaa.

Sasa utaona kwa nini tiba ya siku tatu hushindwa. Siku ya tatu madoa hutoweka kwa sababu vimelea vimedondoka kwenda kuzaa. Mwenye tangi hushangilia na kuacha dawa, na wiki inayofuata samaki wamefunikwa.

Fanya hivi. Pandisha joto taratibu, nyuzi 1 au 2 kwa siku, mpaka nyuzi 30, ili mzunguko uende haraka na kimelea kikose raha ya kuzaliana. Ongeza pampu ya hewa, kwani maji ya moto yana oksijeni kidogo. Tia chumvi gramu 2 kwa lita. Kila siku ya pili nyonya uchafu wa chini, maana maganda yako huko. Endelea kwa siku 10 hadi 14, na usiache kabla siku tano hazijapita tangu doa la mwisho. Wasiovumilia chumvi au joto watibu kwa dawa ya malakaiti grini au iliyochanganywa na fomalini, ukifuata lebo. Kwa tetra na samaki wasio na magamba anza na nusu ya kipimo.

Vumbi la dhahabu

Ugonjwa huu ni ndugu wa madoa meupe kwa tabia, ila kimelea chake ni kidogo zaidi na huua haraka zaidi. Mchana huenda usikione. Usiku zima taa, subiri samaki atulie, kisha mulika tochi kwa ubavuni. Kama anao, mwanga utafichua unga mwembamba wa rangi ya dhahabu au kutu, hasa shingoni na mgongoni. Samaki amebana mapezi na anahema, na mara nyingi wengine hufa kabla unga haujaonekana, kwa sababu matamvua ndiyo hushambuliwa kwanza.

Kimelea hiki kina kijani cha majani na hupata sehemu ya chakula chake kwenye mwanga. Kwa hiyo funika tangi kwa kitambaa kizito, pandisha joto kidogo na tia chumvi. Dawa ya shaba ndiyo kali zaidi dhidi yake, lakini huua konokono na kamba, na kwenye maji laini huweza kuua hata samaki. Ifuate lebo kwa usahihi. Wanaofuga *Nothobranchius guentheri*, yule samaki mdogo mwenye rangi wa madimbwi ya Unguja, wajihadhari zaidi. Jamii hiyo yote hushikwa upesi na ugonjwa huu, na wafugaji wengi huwawekea gramu 1 hivi ya chumvi kwa lita muda wote.

Utando mweupe: kuvu au bakteria?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu magonjwa mawili hufanana na tiba zake hutofautiana.

Kuvu, ambayo mara nyingi ni *Saprolegnia*, huota juu ya kidonda au mayai yaliyokufa. Ina nyuzi ndefu za pamba zinazopepea majini, huwa mahali pamoja, na huenea polepole. Chumvi na maji safi huizuia. Ikizidi, mtie mgonjwa kwenye ndoo yenye methilini bluu. Usiitie dawa hiyo kwenye tangi kubwa, huua bakteria wa filta.

Kolumnarisi husababishwa na bakteria *Flavobacterium columnare*. Utando wake ni mfupi, wa kijivu cheupe au manjano, na hupenda midomo. Au huonekana ukanda uliopauka mgongoni mahali pa tandiko. Hauna nyuzi za kupepea. Kwenye maji ya moto huweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ukipandisha joto ukidhani unatibu kuvu, umeharakisha kifo. Fanya kinyume: shusha joto taratibu mpaka nyuzi 24 kama samaki wako wanavumilia, ongeza hewa, tenga wagonjwa siku hiyohiyo, na utafute dawa ya bakteria kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kama huna uhakika ni ipi kati ya hizo mbili, angalia kasi. Kilichoenea mara dufu kati ya asubuhi na jioni ni bakteria.

Mapezi kuoza

Kingo za mapezi huchakaa, huwa nyeupe au nyekundu, na hufupika siku hadi siku. Kabla ya kutibu, hakikisha hayajang'atwa na mwenzake: pezi lililong'atwa lina ukingo safi, na mkorofi utamwona ukikaa mbele ya tangi kwa robo saa. Kuoza kwenyewe huletwa na bakteria walioko majini siku zote, wanaoshinda pale maji yanapochafuka. Badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki moja, tia chumvi gramu 1 hadi 2 kwa lita, na wengi hupona bila kingine. Ukiona ukingo angavu usio na rangi, hilo ni pezi jipya linaota. Kuoza kukifika kwenye shina la pezi, ndipo dawa ya bakteria inahitajika.

Tumbo lililovimba

Tumbo kubwa lina maana nyingi. Gapi jike mwenye doa jeusi karibu na mkundu na anayekula vizuri ana mimba. Samaki wa dhahabu anayeelea upande au kichwa chini mara nyingi amefunga choo. Mnyime chakula siku mbili au tatu, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda.

Mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama mwili mzima, amejaa maji mwilini kwa sababu figo zimeshindwa, mara nyingi kwa bakteria walioingia ndani. Mtenge, mpe maji safi na utafute dawa ya bakteria, lakini ujue wachache hupona.

Samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, mbuna, ambao wafugaji wa dunia nzima huwaita kwa jina hilohilo, na Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wana uvimbe wao wenyewe. Wao hula mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu. Ukiwalisha nyama, mkate au chakula kingi kwa mara moja, hukataa kula, hutoa kinyesi cheupe, huvimba, na hufa ndani ya siku chache. Dawa ni metronidazoli: miligramu 250 kwa lita 40 hivi, mara moja kwa siku kwa siku tano, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Dawa hiyohiyo hutumika kwa vishimo vinavyotokea kichwani mwa samaki wakubwa wa jamii ya perege wa mapambo. Wahi kutibu: samaki akiwa amevimba tayari, nafasi ni ndogo.

Minyoo

Samaki wakijikuna na kuhema lakini huoni doa wala unga, fikiria minyoo bapa ya matamvua na ngozi. Prazikwanteli, ileile inayotibu kichocho kwa binadamu, huiua kwa kipimo cha miligramu 2 kwa lita. Kidonge cha miligramu 600 kinatosha lita 300, kwa hiyo tangi la lita 45 linahitaji miligramu 90 tu. Kisage, kitikise kwenye chupa ya maji, kwani huyeyuka kwa shida. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu baadhi ya minyoo hii hutaga mayai ambayo dawa haiyagusi.

Nyuzi nyekundu zinazochungulia mkunduni mwa gapi au moli ni minyoo ya Camallanus. Dawa yake ni levamisoli, miligramu 2 kwa lita kwa saa 24, kisha nyonya sakafu yote na ubadilishe nusu ya maji. Rudia baada ya wiki mbili hadi tatu. Ukiinunua duka la dawa za mifugo, soma lebo: nyingi zimechanganywa na dawa nyingine kama oksiklozanaidi. Unayoitaka ni levamisoli peke yake.

Wasiotibika, na usalama wako

Samaki anayekonda huku anakula, mgongo ukapinda, na wenzake wakifuata mmojammoja kwa miezi, huenda ana kifua kikuu cha samaki. Bakteria wake, *Mycobacterium marinum*, huingia kwa binadamu kupitia jeraha na kuleta vinundu sugu mkononi. Usitie mkono wenye kidonda kwenye tangi, vaa glavu, na usianzishe mpira wa kunyonyea maji kwa mdomo. Ukipata kinundu kisichopona, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Tetra neoni anayepoteza mstari wake wa rangi vipandevipande naye mara nyingi ana kimelea cha misuli kisicho na tiba. Mtoe kabla wenzake hawajamla akifa.

Samaki anayeteseka bila matumaini, mpumzishe kwa mafuta ya karafuu, yanayopatikana kirahisi Unguja na Pemba na kwenye maduka ya dawa. Tikisa matone machache na maji vuguvugu kwenye chupa mpaka yawe meupe, mimina taratibu kwenye bakuli alimo mpaka alale. Kisha ongeza mpaka ifike matone 10 hivi kwa lita, umwache nusu saa baada ya matamvua kusimama. Kumtupa chooni akiwa hai si huruma.

Viuavijasumu usivitumie kwa kubahatisha. Kapsuli iliyomwagwa tangini huua bakteria wa filta na kufundisha wale wabaya usugu. Baadhi hata hazifanyi kazi: oksitetrasaikilini hushikana na kalsiamu kwenye maji magumu. Na malakaiti grini isiguse kamwe bwawa la perege wa kuliwa, wala maji ya tangi yasimwagwe mtoni.

Kinga

Magonjwa mengi huja na samaki mpya kwenye mfuko wa plastiki. Mweke peke yake wiki 4 kabla ya kumchanganya, na maji ya mfuko uyamwage nje. Kila tangi liwe na wavu wake, uanikwe juani baada ya kazi. Lisha kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Badilisha robo ya maji kila wiki, iwe unaona uchafu au huoni. Usijaze samaki kupita uwezo wa filta.

Wiki hii, samaki wakiwa bado wazima, pima tangi lako na uandike lita zake halisi kwenye karatasi uibandike pembeni ya kioo. Chini yake andika gramu za chumvi kwa kipimo cha gramu 1 na cha gramu 2 kwa lita. Weka tayari ndoo ya wagonjwa, tochi na vipimo vya maji, na sponji moja ya akiba iliyo ndani ya filta ikiwa imeshashika bakteria. Anayeanza kutafuta vitu hivyo siku ya ugonjwa amechelewa. Aliyeviandaa ana saa zile chache za mwanzo mkononi mwake, na ni katika saa hizo samaki wengi hupona.